Tume ya Haki za Binadamu, dirisha la Mwanza: inafaa kwa malalamiko gani, na inakwama wapi

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Mwanza kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. Kufungua lalamiko ni bure. Huhitaji wakili, huhitaji kujua Kiingereza, na huhitaji hata kujua kuandika, kwa sababu sheria inaruhusu lalamiko la mdomo na afisa ndiye anayelazimika kuliweka kwenye maandishi. Mtu akikuomba hela ili "akusogezee jalada", hilo si sehemu ya utaratibu, lipeleke TAKUKURU.

Tathmini hii ni kwa mkazi wa Mwanza, Mara, Geita, Kagera, Simiyu au Shinyanga anayejiuliza kama apoteze nauli na siku ya kazi kwenda huko. Jibu letu: nenda, kama aliyekuumiza ni ofisi ya umma au mtu mwenye mamlaka ya umma, na kama unachotaka ni uchunguzi, majibu ya maandishi au usuluhishi. Usiende na matumaini ya kutoka na amri. Tume hii haina uwezo wa kuamuru. Inachunguza, inaandika mapendekezo, kisha inasubiri. Ubora wa huduma nzima unapimwa hapo kwenye kusubiri, na ndipo penye udhaifu wake mkubwa.

Lalamiko gani linafaa

Ibara ya 130 ya Katiba imeipa Tume kazi nyingi: kupokea malalamiko, kuchunguza uvunjaji wa haki na ukiukaji wa misingi ya utawala bora, kutoa ushauri kwa Serikali, kupatanisha, na hata kufungua mashauri mahakamani kuzuia uvunjaji wa haki. Maneno "utawala bora" yasikupite. Yana maana kwamba si lazima uwe umepigwa au umefungwa ndipo usikilizwe. Mstaafu ambaye mafao yake yamekaliwa bila maelezo, mwananchi ambaye barua zake kwa halmashauri hazijibiwi, kijiji kilichohamishwa bila kushirikishwa, wote wana lalamiko la kupokelewa.

Kwa maisha ya hapa ziwani, mifano ni hii. Mvuvi amekamatwa na doria, nyavu na injini vimechukuliwa, hakupewa stakabadhi yoyote. Mtendaji wa kata amemfungia mtu ofisini kwake tangu asubuhi kwa sababu ya mchango. Machinga amevunjiwa kibanda usiku na bidhaa zimepakiwa kwenye gari la mgambo bila orodha. Mahabusu yuko gereza la Butimba, kesi yake inaahirishwa mwaka hadi mwaka kwa neno moja, "upelelezi haujakamilika". Bibi kizee wa Usukumani ametishiwa kuuawa kwa tuhuma za uchawi, ameripoti, na kituo hakikuchukua hatua. Hilo la mwisho linahusu uhai wa mtu, na kosa la dola ni kutokutenda. Tume ina mamlaka ya kulichunguza sawasawa na kosa la kutenda.

Hapo kwa mvuvi pana jambo linalochanganya watu wengi. Kama nyavu ni timba (za uzi wa plastiki) au kokoro (la kukokota hadi ufukweni), zana hizo ni haramu kwa sheria ya uvuvi na Tume haitazirudisha. Lakini namna zilivyochukuliwa ni jambo jingine kabisa. Zana haramu pia hukamatwa kwa stakabadhi, faini hulipwa kwa risiti ya Serikali, na mtu hapigwi. Mtumbwi ukichomwa moto ufukweni bila amri ya mahakama, uharamu wa nyavu hauhalalishi moto huo. Lalamiko la aina hii liandikwe juu ya utaratibu uliovunjwa, na lisijaribu kutetea zana. Mlalamikaji anayeficha kwamba nyavu zilikuwa timba huharibu lalamiko lote siku afisa uvuvi atakapoleta picha.

Lalamiko gani halifai

Sheria ya Tume, Namba 7 ya mwaka 2001, inaizuia kuchunguza jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama au chombo cha kimahakama. Inazuiwa pia kumchunguza Rais wa Jamhuri ya Muungano au Rais wa Zanzibar, isipokuwa kwa masharti ya Katiba zenyewe, na kuingilia mahusiano ya Serikali na nchi za nje au uamuzi wa msamaha wa Rais. Kwa mwananchi wa kawaida kizuizi kinachouma ni cha kwanza. Watu hufungua kesi ya ardhi kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wakiona inachelewa wanakwenda Tume, na Tume inawarudisha. Unaweza kulalamikia mwenendo wa ofisa ndani ya shauri, kwa mfano kudaiwa rushwa au jalada kupotezwa, lakini usiombe Tume iamue shamba ni la nani.

Madai ya kawaida kati ya mtu na mtu, kama deni, mpaka wa kiwanja au talaka, si ya hapa.

Kisha kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha, nayo imewapotezea watu haki kubwa kuliko waliyokuwa wakiidai. Kulalamika Tume hakusimamishi siku za mahakama. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Majina ya tume hizi mbili yanakaribiana, na mtu wa kiwanda cha samaki aliyefukuzwa anapoambiwa "nenda Tume" anaweza kuishia dirisha lisilo lake, akirudi siku 30 zimekwisha na sasa anahitaji kwanza kuomba aruhusiwe kuchelewa. Anayetaka Mahakama Kuu iufute uamuzi wa mamlaka ya umma ana miezi sita ya kuomba kibali. Anayetaka kuishtaki Serikali kwa fidia lazima kwanza atoe notisi ya siku 90. Ushauri wetu ni kuhesabu siku hizo kabla ya kupanda gari. Kama zinakimbia, linda kwanza nafasi yako ya mahakama au ya usuluhishi wa kazi, halafu uulize Tume inaweza kukusaidia kwenye kipande gani.

Ndugu yako akiwa amekamatwa na hajafikishwa mahakamani, barua kwa Tume peke yake haitoshi. Kanuni ya saa 24 ipo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Dawa ya haraka ni wakili au msaidizi wa kisheria apeleke ombi Mahakama Kuu kutaka mtu huyo afikishwe mbele ya jaji. Tume ipigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa ina mamlaka ya kutembelea mahabusu na magereza na kuhoji, na afisa anayejua kwamba jina la mtu fulani limeshaulizwa huwa mwangalifu zaidi.

Namna ya kuliandika

Ukurasa mmoja, ukizidi miwili. Anza na jina lako, mahali unapoishi na namba ya simu inayopatikana; ukiishi kisiwani weka pia namba ya mtu wa nchi kavu. Fuata na unayemlalamikia: ofisi, cheo, jina kama unalijua. Usipolijua jina, weka kinachoweza kumtambulisha: namba ya gari au ya boti, namba ya askari, kituo, saa ya zamu. "Askari wa doria" peke yake hakuna mchunguzi anayeweza kuifanyia kazi.

Halafu tukio, kwa tarehe. Siku, saa, mahali, nani alifanya nini, nani aliona. Hasira iache nje. Si kwamba huna haki nayo, bali barua ya Tume hutumwa kwa mlalamikiwa ajibu, naye atajibu matusi yako na kuacha hoja. Baada ya hapo eleza ulishakwenda wapi: kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mkuu wa wilaya, mkuu wa polisi wa wilaya (OCD). Tume ina ruhusa ya kukataa lalamiko ambalo lina njia nyingine ya wazi isiyojaribiwa, au lililocheleweshwa bila sababu, kwa hiyo sehemu hii ndiyo inayoamua kama jalada litafunguliwa au utapewa ushauri na kuagwa.

Mwisho, unataka nini. Wengi huandika "naomba haki itendeke". Haitekelezeki. Andika: naomba nirudishiwe injini ya farasi 15 iliyochukuliwa tarehe fulani, naomba nipewe kwa maandishi sababu za kunyimwa leseni, naomba afisa huyu achunguzwe. Mapendekezo ya Tume yatakuwa na ukali ule ule uliokuwa nao kwenye ombi lako.

Vielelezo: nakala, kamwe usitoe halisi. Kwa aliyepigwa, fomu ya polisi ya matibabu (PF3) na karatasi za hospitali ni muhimu kuliko mashahidi kumi, na zipatikane mapema, maana kovu la miezi minne halimwonyeshi daktari lilitokana na nini. Kwa aliyeripoti polisi, namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikwa kituoni. Kwa mali iliyokamatwa, stakabadhi. Kama hukupewa, sema hivyo waziwazi, kwani kutopewa ndiyo hoja yenyewe. Picha za simu zitumike zikiwa na tarehe, na simu iliyopiga itunzwe.

Tengeneza nakala mbili za barua. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Omba namba ya jalada. Bila namba hiyo, ufuatiliaji wote unaofuata ni kuanza upya.

Kundi linaweza kulalamika kwa pamoja, na mtu anaweza kulalamika kwa niaba ya asiyeweza, kama mgonjwa, mtoto au aliye mahabusu. Kwa wavuvi tunapendekeza kundi. Mvuvi mmoja wa Ukara akija peke yake ni kivuko hadi kisiwa cha Ukerewe, gari hadi Nansio, kisha meli ya saa tatu au zaidi hadi Mwanza, na malazi juu yake. Wavuvi wa mwalo mmoja wakiandika barua moja kupitia BMU yao (kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni), na majina na sahihi za kila mmoja, wanatuma mtu mmoja tu, na tukio lililowapata watu ishirini halionekani tena kama ugomvi wa mtu binafsi. Barua ya posta na simu zinakubalika pia. Hata hivyo ofisi moja kwa mikoa yote hii haitoshi. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyotangulia hii na iliyoanza kazi mwaka 1966 ikiwa ya kwanza ya aina yake Afrika, ilikuwa na desturi ya kuzunguka mikoani kuwasikiliza watu huko huko waliko. Desturi hiyo ilistahili kuendelezwa na kufika visiwani. Mtu wa Ukerewe hapaswi kulipia haki kwa tiketi.

Baada ya jalada kufunguliwa

Kwanza lalamiko linachujwa: liko ndani ya mamlaka ama haliko. Likiwa ndani, mlalamikiwa anaandikiwa atoe maelezo. Hapa ndipo miezi hupotea, maana ofisi nyingi za umma hujibu polepole au hujibu kwa barua ya mistari mitatu isiyosema lolote. Tume ina uwezo wa kisheria wa kumwita mtu kwa hati ya wito, kudai nyaraka na kuingia mahali kukagua. Mlalamikaji aulize: mmeshaandika barua ya pili? mmeshatoa wito? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Mara nyingi jambo huishia kwa usuluhishi, na kwa kesi ndogo usuluhishi ndio matokeo mazuri kuliko yote: injini inarudi, mafao yanalipwa, barua inajibiwa. Tukiipima Tume kwa malalamiko ya namna hiyo, tunaiona ina thamani kubwa, na tungependa wakazi wengi zaidi waitumie.

Usuluhishi ukishindikana, wachunguzi hukamilisha kazi na Tume hutoa mapendekezo. Kifungu cha 28 cha Sheria kinamtaka aliyepelekewa mapendekezo aeleze ndani ya muda usiozidi miezi mitatu amechukua hatua gani. Asipofanya inavyotosha, Tume inaweza kwenda mahakamani kutafuta utekelezaji, au kuishauri mamlaka nyingine iende. Neno ni "inaweza". Si lazima.

Kinachotokea neno hilo linapokutana na Serikali isiyotaka kimeonekana Nyamuma, wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Oktoba 2001 wananchi wa huko walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto, kwa hoja kwamba wako ndani ya eneo la hifadhi. Wanakijiji 135, wakisaidiwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, walipeleka lalamiko Tume. Ilichunguza, ikawasikiliza, na mwaka 2004 ikaona haki zao zimevunjwa na kupendekeza walipwe fidia na warudishwe. Kazi ya uchunguzi ilikuwa ya kishujaa kwa chombo kilichokuwa na umri wa miaka mitatu. Serikali ikakataa mapendekezo. Wanakijiji wakaenda Mahakama Kuu kuomba yatekelezwe, ikawakatalia. Wakakata rufaa, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikasema kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kutekelezwa kupitia mahakama.

Uamuzi huo ni wa thamani kubwa na bado haujulikani vya kutosha huku ziwani, ingawa ulizaliwa mkoa wa jirani. Unabadilisha maana ya karatasi ya Tume: si maoni tu ya kuwekwa kabatini. Lakini angalia pia miaka. Kutoka moto wa 2001 hadi uamuzi wa 2008 ni miaka saba, na huo ulikuwa uamuzi kuhusu kama mlango upo, kabla ya kuupita. Kwa mtu aliyelala nje na watoto, muda huo ni sehemu ya dhuluma.

Kwa nini inakwama: uhuru unaishia wapi

Wapo wanaosema tatizo ni bajeti, wengine wanasema ni woga. Sisi tunaona mengi yameandikwa kwenye sheria yenyewe, na yanaweza kurekebishwa humo humo.

Ibara ya 130(2) ni nzuri sana. Inasema Tume ni idara inayojitegemea na hailazimiki kufuata maagizo ya mtu yeyote, idara ya Serikali, chama cha siasa au taasisi nyingine. Ukishuka hadi ibara ndogo ya (3), unakuta kwamba Rais hazuiwi kutoa maagizo au amri kwa Tume, na Tume haina haki ya kutoyafuata, akiridhika kwamba maslahi ya taifa yanahitaji hivyo. Mahali pazito pa kupimia uhuru ni pale penye jambo kubwa linaloigusa Serikali, kama uchaguzi, ardhi ya wawekezaji, operesheni za vyombo vya dola au migodi. Ulinzi unaoondoka mahali hapo hapo unaondoa uhuru wakati unapohitajika.

Uteuzi nao. Makamishna huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Kamati ya Uteuzi yenye Jaji Mkuu kama mwenyekiti, Spika wa Bunge, Jaji Mkuu wa Zanzibar na Spika wa Baraza la Wawakilishi, katibu akiwa Naibu Mwanasheria Mkuu. Ni watu wazito, na kamati ya namna hii ni afadhali kuliko uteuzi wa mtu mmoja. Ila wote ni wakuu wa dola, hakuna kiti cha asasi za kiraia, Bunge halipigi kura kuwathibitisha walioteuliwa, na kushauriana si kukubaliana. Kisha muda: miaka mitatu, unaoweza kuongezwa mara moja. Kamati ya kimataifa inayopima taasisi hizi inaiona miaka mitatu kuwa kima cha chini kabisa. Kamishna mwenye miaka mitatu anaanza kufikiria uteuzi wa pili kabla jalada gumu halijaiva. Mbaya zaidi ni pengo kati ya waliomaliza na wanaoingia. Tume iliwahi kukaa bila makamishna kabla ya uteuzi wa 2019, na bila makamishna hakuna wa kutoa mapendekezo, hata kama wachunguzi wa Mwanza wamemaliza kazi yao vizuri. Mlalamikaji haambiwi hilo. Anaona kimya tu.

Fedha: Tume ina fungu lake, Fungu 55, lakini maombi yake husomwa ndani ya hotuba ya Waziri wa Katiba na Sheria, na taarifa yake ya mwaka hufika bungeni kupitia kwa Waziri huyo huyo. Petroli ya boti ya kwenda kukagua tukio kwenye visiwa vya Goziba au Irugwa inategemea mzunguko huo.

Kipimo cha dunia kinaitwa Kanuni za Paris. Ziliandikwa Paris mwaka 1991 na kupitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Desemba 1993. Zinadai taasisi iwe na mamlaka mapana yaliyowekwa kwenye katiba au sheria, wajumbe wa makundi mbalimbali ya jamii wenye muda maalumu wa kazi, fedha za kutosha zisizotumika kuibana, watumishi na majengo yake, na uwezo wa kusikiliza mtu yeyote na kudai taarifa yoyote. Muungano wa dunia wa taasisi hizi hupima kila baada ya miaka mitano na kutoa daraja A au B. Daraja si pambo: A ndiyo inayompa mwakilishi wa taasisi haki ya kusema kwa jina lake Geneva, kwenye Baraza la Haki za Binadamu.

Linganisha na majirani wanaokunywa maji ya ziwa hili hili. Kisumu kuna ofisi ya tume ya Kenya. Kamishna wa Kenya anapita kwenye jopo la usaili, Bunge linamthibitisha, anahudumu miaka sita bila kurudi tena, na kumwondoa kunahitaji ombi bungeni na jopo maalumu linaloongozwa na mtu aliye au aliyewahi kuwa jaji. Hana uteuzi wa pili wa kuuogopea. Katiba yao ya 2010 inadai fedha za tume ziwe fungu tofauti. Jinja kuna ofisi ya tume ya Uganda, ambayo Katiba ya 1995 imeipa nguvu kama za mahakama: ikiona haki imevunjwa inaweza kuamuru mtu aachiwe au alipwe fidia, na asiyeridhika akate rufaa Mahakama Kuu. Mlalamikaji wa Jinja anatoka na amri, wa Mwanza na mapendekezo. Hata hivyo amri nayo ina ugonjwa wake. Uganda imekuwa na malimbikizo makubwa ya fidia zilizoamriwa na ambazo Serikali haijalipa. Kama tungechagua cha kuazima, tungechukua miaka sita isiyorudiwa ya Kenya kwanza, na mamlaka ya Uganda ya kuamuru mtu aachiwe. Amri ya kufungua mlango wa mahabusu haihitaji bajeti.

Haya yamekuwa ya haraka zaidi tangu Novemba 2020, pale kujitoa kwa Tanzania kwenye tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu kulipoanza kufanya kazi. Mahakama hiyo iko Arusha, lakini kwa mkulima wa Magu au mvuvi wa Musoma mlango wake wa mbele umefungwa. Vyombo vya ndani vimebeba mzigo mkubwa zaidi.

Alama, na jalada likinyamaza

Kwa gharama na urahisi wa kufungua lalamiko: tisa kwa kumi. Kwa usuluhishi wa mambo ya kiutawala: saba. Kwa kuwafikia watu wa visiwani: tatu. Kwa mamlaka ya uchunguzi: nane, kisheria. Kwa utekelezaji wa mapendekezo: tatu, na hiyo moja ya ziada juu ya mbili ni kwa ajili ya uamuzi wa 2008. Kwa uhuru: tano, ibara ndogo ya (3) ikifutwa na muda wa makamishna ukirefushwa, tungeongeza tatu siku hiyo hiyo.

Jalada likinyamaza, andika barua fupi yenye namba yake na maswali matatu tu. Je, mlalamikiwa amejibu, na kama hajajibu, ameandikiwa wito lini? Je, uchunguzi umekamilika? Je, mapendekezo yametolewa tarehe ngapi, na taarifa ya utekelezaji ya ndani ya miezi mitatu imepokelewa? Kama miezi mitatu imepita, ongeza la nne: Tume inakusudia kwenda mahakamani chini ya kifungu cha 28, au inashauri nani aende? Peleka nakala makao makuu Dodoma, na nyingine kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya yako, ambaye ataweza kuutumia uamuzi wa Nyamuma. Nakala ya tatu mpe mbunge, ukimwandikia pembeni namba ya jalada na tarehe ya mapendekezo, kabla ya mkutano wa bajeti, kwa sababu Fungu 55 likifika mezani Waziri yuko pale na anaweza kuulizwa kwa namba hiyo hiyo.